Wi-Fi ya vocha: usiuze kuliko uwezo wa laini yako

Wewe unayeuza Wi-Fi ya vocha Sirari, Nyamongo au Mugumu, mteja akilalamika mtandao unagoma usikimbilie kusingizia mnara. MikroTik yenye leseni ya ngazi ya 4 inaruhusu wateja 200 wa hotspoti kwa wakati mmoja, lakini hiyo ni ruhusa tu, sio nguvu. Laini ya Mbps 20, watu 40 wote wako kwenye video: kila mmoja kaambulia nusu Mbps. Hapo umeuza hewa! Mi naona vocha 15 zikiwa zinatumika, simamisha kuuza mpaka moja iishe. Na vocha moja iwe simu moja, “Shared Users” iache 1. Wa 16 atanuna, sawa. Ila wale 15 kesho wanarudi na buku lao.