Mzingo Si Eneo

Ndugu mzazi, mwezi uliopita kamati yetu ilikusudia kununua zulia la chumba cha madrasa, chenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Mimi, katibu, nilizunguka kuta kwa futikamba, nikapata mita 28, nikaandika hati ya kuagiza zulia la mita za mraba 28. Kabla fedha za waumini hazijatoka, binti mmoja wa darasa la sita aliuliza kwa adabu: “Ustadhi, huo si mzingo?”

Alisema kweli. Mzingo watokana na kuzinga, yaani kuzunguka. Ni urefu wa ukingo pekee. Eneo latokana na kuenea: ni nafasi yote litakamoenea zulia, 8 mara 6, mita za mraba 48. Watoto wa nyuma wangeketi juu ya saruji tupu. Tena, ukumbi mwembamba wa mita 13 kwa 1 una mzingo ule ule wa mita 28, ilhali eneo lake ni mita za mraba 13 tu.

Mpe mwanao futikamba apime mkeka wa sebuleni, kisha akueleze tofauti. Mimi nimekwisha kuelezwa. Hati mpya iko kwa mweka hazina.