Tukibadili tairi, tusibadili nusu

Si jambo geni siku hizi, Unguja na Pemba, kuona gari ndogo ya fahari iliyotumika Japani ikitolewa bandarini na kupelekwa moja kwa moja kwa fundi kubadilishwa tairi. Huvuliwa zile ilizokuja nazo, za ubavu mgumu, ziitwazo ranifleti, na kuvishwa tairi za kawaida. Wako wanaolicheka jambo hilo, wakisema kwamba ni ujinga kuacha kilicho bora na kuchukua kilicho duni. Sisi hatulicheki. Tunasema kwamba kubadili huko ni haki ya mwenye gari, na kwa hali ya visiwa vyetu mara nyingi ni busara. Lakini tunasema vile vile kwamba baadhi yetu tunaifanya kazi hiyo nusu, na nusu tunayoiacha ndiyo yenye roho za watu ndani yake.

Tairi ya kawaida hubebwa na upepo. Upepo ukitoka, ubavu wake hukunjika na gari haina budi kusimama. Ranifleti imeongezwa mpira mnene ubavuni, hata upepo ukiisha ubavu wenyewe huubeba uzito wa gari. Kwa kipimo kilichozoeleka cha watengenezaji, dereva anaweza kwenda kiasi cha kilomita 80, bila ya kuzidisha mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mpaka afike penye matengenezo. Gari ya Marekani iitwayo Chevrolet Corvette ilitolewa na tairi hizo kama tairi zake za kawaida tangu toleo la 1997, na kampuni ya BMW ya Ujerumani ilizieneza katika gari zake nyingi katika miaka ya 2000. Kwa sababu hiyo, katika gari nyingi za namna hiyo tairi ya akiba iliondolewa, pamoja na jeki na spana yake. Na katika nyingine hata nafasi ya kuiweka ndani ya buti haipo tena.

Msomaji wetu mwerevu atatuuliza: "Pemba, ncha hadi ncha, haifiki kilomita 70, na Unguja ni kiasi cha kilomita 85. Tairi inayokwenda kilomita 80 bila ya upepo, si ndiyo hasa imfaayo mtu wa visiwani?" Hoja hiyo ni nzuri kwa usiku ule mmoja wa pancha. Lakini kukicha je? Fundi wa kijijini hufanya kazi kwa vyuma viwili vya kufungulia tairi, karai la maji na nguvu za mikono yake. Ubavu ule mgumu haumtii. Hutaka mashine maalumu na mtu aliyefunzwa kuitumia, na ukilazimishwa kwa vyuma, huharibika ukingo wa tairi, au ringi, au kile kifaa cha kupimia upepo kilichomo ndani.

Na hata ikifunguka, tairi iliyokwenda bila ya upepo si ya kuaminiwa tena. Joto huwa limekwisha kuula mpira wa ndani, ingawa kwa nje yaonekana nzima. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukataza kuzibwa kwa tairi iliyokwenda hali hiyo. Kwa hivyo msumari mmoja humgharimu mwananchi tairi nzima, tena ya bei kubwa kuliko ya kawaida. Na kama kipimo chake hakipatikani madukani, hapana budi kuagizwa kutoka ng'ambo ya bahari, na gari ikae juu ya mawe kwa siku kadhaa. Lililo baya zaidi ni tairi ya namna hiyo kuzibwa, kusuguliwa ikang'ara, na kurudishwa barabarani kana kwamba haikupatwa na kitu. Huko ni kuuza ajali kwa rejareja.

Basi mwenye kuziacha tairi hizo hana lawama. Lawama huanza pale anapoziacha na asiweke badala yake. Wazee wetu walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Ranifleti ilikuwa ndiyo tairi ya akiba ya gari ile. Ukiivua ukavisha tairi ya kawaida, na ndani ya buti hamna tairi ya akiba, hamna jeki wala spana, umeivua gari ngao yake ukaipeleka vitani kifua wazi.

Tufikiri usiku wa masika, njia ya Micheweni au ya Kizimkazi, gari imebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Jiwe la matumbawe linachana tairi. Pancha ambayo ni kazi ya robo saa kwa mwenye vifaa inageuka kuwa kazi ya kusubiri alfajiri, kwa kuwa hapana cha kunyanyulia gari wala cha kubadilishia. Mama yule hatauliza tairi ilikuwa ya aina gani. Atauliza kwa nini tulimpakia.

Kwa hivyo tunawausia wenye gari mambo matano. Kwanza, wabadili tairi zote nne, wala wasichanganye aina mbili katika ekseli moja. Ringi zilizokuja na ranifleti kwa kawaida hukubali tairi za kawaida za kipimo kile kile, basi hapana haja ya kuzitupa. Lakini uwezo wa tairi mpya wa kubeba uzito na kuhimili mwendo usiwe chini ya ule ulioagizwa na mtengenezaji. Pili, wanunue tairi ya akiba inayoingia katika gari ile, waifunge imara isirukeruke, na wajaribu jeki nyumbani mchana kabla ya kuihitaji njiani usiku. Dawa ya kuzibia pamoja na pampu ndogo husaidia tundu dogo la sehemu inayokanyaga barabara tu. Haisaidii ubavu uliochanika. Tatu, taa inayotahadharisha kupungua kwa upepo isizimwe, bali irekebishwe ifuatane na tairi mpya. Nne, wasome umri wa tairi ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tano, dereva abadilike pamoja na tairi zake. Aliyezoea kuendelea na safari taa ikiwaka, sasa hana budi kupunguza mwendo na kusimama penye usalama.

Kwa viongozi na watendaji wa Serikali tuna neno pia. Gari ya umma hununuliwa kwa jasho la wananchi. Kabla ya kutia saini ununuzi wake, na iulizwe: inakwenda kwa tairi gani, na ikipata pancha Wete au Makunduchi, ni nani wa kuitengeneza? Wakaguzi wa magari nao wasitosheke kutazama meno ya tairi; waombe waoneshwe tairi ya akiba na jeki. Wauzaji wawajibike kumwambia mnunuzi ukweli, kwani alama zimo ubavuni mwa tairi, kama vile RFT, ROF, SSR au ZP kwa kufuata kampuni iliyoitengeneza, na mnunuzi asiyezijua ndiye anayedanganywa. Na vijana wetu wa pancha, ambao huwategemea sote lakini tunawakumbuka tukikwama tu, wafunzwe kazi hii katika vyuo vya amali na wasaidiwe katika vikundi vyao kupata mashine. Kujitegemea si kukataa kitu kipya. Ni kukifahamu, kukipima kwa hali yetu, na kuweza kukitengeneza kwa mikono yetu.

Wako watakaosema kwamba ajali ni kudura na tairi haizuii ajali. Kudura tunaiamini. Lakini sote tuliopita chuoni tulifunzwa habari ya yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na amtegemee Mungu, akaambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Gari isiyo na tairi ya akiba ni ngamia asiyefungwa. Tumfunge, kisha tuondoke na Bismillahi.