Waliokuwepo Hawakutazama

Miongoni mwa mashabiki wa anime, yaani tamthilia na filamu za katuni zinazotengenezwa Japani, imejengeka imani kwamba kijana anayependa kazi za miaka ya 1970 na 1980 anajivika kumbukumbu za watu wengine, na kwamba hata akizitazama zote hatazielewa kama anavyozielewa mtu aliyezipokea zikiwa mpya. Imani hiyo pengine husemwa kwa upole, kama utani wa babu kwa mjukuu, lakini kiini chake ni kuugeuza umri kuwa hati ya umiliki, na hati hiyo inakanushwa na historia ya kazi zile zile zinazogombewa.

Mobile Suit Gundam, tamthilia iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuanza kuonyeshwa Aprili 1979, leo huhesabiwa kuwa mzizi wa tawi zima la hadithi ambazo roboti ndani yake ni chombo cha kivita kinachohitaji mafundi na risasi, wala si jitu la miujiza. Ilipokuwa hewani, watazamaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba sehemu 52 zilizopangwa zilipunguzwa zikawa 43, na hadithi ikafungwa Januari 1980. Umaarufu ulikuja baadaye, kwa marudio ya televisheni, kwa vifaa vya plastiki vya kuunganisha ambavyo kampuni ya Bandai ilianza kuviuza mwaka 1980, na kwa filamu tatu za sinema zilizokusanywa kutokana na tamthilia hiyo mwaka 1981 na 1982. Tamthilia ya Space Battleship Yamato ilikuwa imepita njia hiyo hiyo, kwani ilipoanza Oktoba 1974 iliwekwa katika saa ile ile na Heidi, kipindi kilichopendwa na familia nzima, ikafupishwa hadi sehemu 26, kisha ikafufuliwa na marudio na filamu ya 1977. Kwa hiyo anayejitapa kwamba kizazi chake kilikuwepo ana swali la kujibu, maana wengi wa waliokuwepo jioni zile walikuwa wakimtazama Heidi na mbuzi wake.

Nje ya Japani dai la kutangulia ni dhaifu zaidi. Wamarekani wengi wanaohesabiwa kuwa wakongwe waliingia kwa mlango wa Robotech, tamthilia ya 1985 iliyounganisha kazi tatu za Kijapani zisizohusiana, ikiwemo Macross ya 1982, na kuzipa hadithi moja kwa sauti za Kiingereza. Walichokipenda kilikuwa tayari kimekatwa na kushonwa upya. Gundam ya 1979 yenyewe ilifika katika televisheni ya Marekani mwaka 2001. Shabiki aliyeipata hapo alichelewa kwa miaka 22, na bado hujiona ana haki ya kumwita mgeni kijana aliyechelewa kwa miaka arobaini na kitu, ingawa wote wawili waliikuta karamu imekwisha, na kijana, kwa kweli, anaipata kazi hiyo kwa sauti za Kijapani na tafsiri ya maandishi chini ya picha.

Lipo jambo ambalo wakongwe wanalo na ambalo halipatikani kwa kutazama, nalo ni maisha ya ushabiki wenyewe. Chama cha Cartoon/Fantasy Organization kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1977 kiliishi kwa kanda za video zilizonakiliwa mkono kwa mkono, kila nakala ikiwa na ukungu zaidi kuliko iliyoitangulia, na watazamaji wakifuata hadithi katika lugha wasiyoijua kwa msaada wa muhtasari au wa mwenzao aliyeelewa kidogo. Huko Tokyo, Comiket, soko la majarida yanayochapishwa na mashabiki wenyewe, lilianza Desemba 1975 kwa vikundi 32 na watu wapatao 700, wengi wao wakiwa wasichana wa shule waliopenda hadithi za picha za kike. Jambo hilo huwashangaza wanaodhani ushabiki wa zamani ulikuwa wa wanaume na roboti zao. Mambo kama hayo yanahitaji mashahidi, na mkongwe anayeyasimulia anastahili kusikilizwa kwa makini, lakini ushahidi haumpi shahidi mamlaka ya kufunga mlango.

Hoja nyingine husema kwamba vijana wanapenda sura tu, yaani chenga za filamu na rangi nzito zinazozungushwa katika vipande vifupi vyenye muziki. Wapo wa namna hiyo, na wengi wao hawajamaliza tamthilia hata moja. Hata hivyo, sura hiyo ni kazi ya mikono, kwani kila mchoro ulihamishiwa kwenye selo, yaani karatasi angavu ya plastiki, ukapakwa rangi kwa brashi upande wa nyuma na kupigwa picha moja moja, hadi studio zilipohamia kwenye kompyuta kuelekea mwaka 2000. Mtazamaji wa 1979 hakuwa na sababu ya kuiona rangi hiyo, kwa kuwa katuni zote zilikuwa nayo; aliyekulia katika picha za kompyuta ndiye anayeiona kuwa uamuzi wa mtu, na huko ni kuelewa ambako wakati wenyewe haukuweza kukutoa.

Sehemu ya 15 ya Gundam, inayomhusu askari mtoro Cucuruz Doan anayewalea mayatima kisiwani, ilichorwa ovyo kiasi kwamba kwa ombi la Tomino iliachwa nje ya toleo la Kiingereza, hivyo wakongwe wa 2001 hawakuipata. Mwaka 2022 Yoshikazu Yasuhiko, aliyebuni sura za wahusika wa tamthilia ya kwanza, aliifanya upya ikawa filamu kamili ya sinema, na roboti ya Doan, ambayo mkono mbovu wa mwaka 1979 uliichora na pua ndefu kupita kiasi, ikaachiwa pua yake kwa makusudi: utani usioweza kumchekesha mtu ambaye hajaitafuta sehemu ile, hata awe amezaliwa mwaka 1965.