Mchagua Jembe si Mkulima

Upo ubishi uliozuka miongoni mwa wasomi wetu wa kompyuta, nao umekuwa kama ule wa Simba na Yanga: kila mmoja ana timu yake na hakuna anayekubali kufungwa. Wanabishania viunzi vya usanifu wa taasisi. Huyu husema Zachman ndiye baba wa wote, yule huapa kwa TOGAF, na wa tatu husifu kiunzi cha serikali ya Marekani. Vikao huitishwa, majedwali ya kulinganisha hutengenezwa, washauri hulipwa, na mwisho wa yote mwananchi bado huambiwa arudi kesho kwa sababu jalada lake halionekani. Mimi ni mwalimu mstaafu, nami sikukua na kompyuta. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba ubishi huo, kwa jinsi unavyoendeshwa, ni upotevu wa wakati na wa fedha za watu, na sababu zangu nitazitoa.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Usanifu wa taasisi ni kazi ya kuchora ramani inayoonyesha shughuli za taasisi, taarifa zinazohitajika katika shughuli hizo, programu zinazoshughulikia taarifa, na mitambo inayobeba programu. Kusudi lake ni kwamba kila shilingi inayonunua kompyuta iwe inatumikia kazi inayojulikana. Kusudi hilo ni jema, wala sina ugomvi nalo. Kiunzi ni utaratibu unaomwongoza mchoraji wa ramani hiyo.

Sasa tuvitazame viunzi vyenyewe. John Zachman, aliyekuwa mtumishi wa IBM, alichapisha chake mwaka 1987 katika jarida la kampuni hiyo. Alianza na maswali matatu: nini, vipi na wapi. Mwaka 1992, akishirikiana na John Sowa, yakaongezwa mengine matatu: nani, lini na kwa nini. Kila swali huulizwa kwa macho ya watu mbalimbali, kuanzia mpangaji na mwenye mali hadi msanifu, mjenzi na fundi. Matokeo yake ni jedwali la vyumba vingi, na kila chumba kinangoja jibu. TOGAF ilitolewa na The Open Group mwaka 1995, ikijengwa juu ya kazi iliyokwisha kufanywa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Hiyo ni safari ya hatua kwa hatua: maandalizi, dira, usanifu wa shughuli, wa taarifa na programu, wa mitambo, kisha mpango wa kuhama kutoka hali ya zamani kwenda mpya, huku mahitaji yakikaa katikati kama ekseli ya gurudumu. Kiunzi cha serikali ya Marekani kilitolewa mwaka 1999, na baadaye kikaongezewa orodha za pamoja ili idara ziweze kuona zinapofanya kazi ile ile mara mbili.

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki atayatambua mambo haya mara moja. Jedwali la Zachman ni kama muhtasari wa somo: linakuambia yapi yasiachwe, lakini halikuambii uanze na lipi. TOGAF ni kama azimio la kazi: inapanga juma la kwanza na la pili, lakini haiwezi kukujulisha mtoto wa dawati la nyuma anaelewa au haelewi. Kile cha tatu ni kama daftari la mkaguzi, ambalo humwezesha kulinganisha shule na shule. Je, umewahi kumsikia mwalimu akiuliza kipi bora kati ya muhtasari na azimio la kazi? Hivyo havishindani. Wenye TOGAF wenyewe wanakubali kwamba inaweza kutumika pamoja na viunzi vingine. Basi jedwali la kulinganisha linalompa huyu alama saba na yule alama tisa linalinganisha sufuria na mwiko.

Watakaonipinga watanitajia kisa cha FBI, na ni haki yao. Idara hiyo ya upelelezi ya Marekani ilitaka kuachana na majalada ya karatasi, ikaagiza mfumo wa kompyuta wa kutunza kesi. Mwaka 2005 mradi ule ulitupwa baada ya kula dola milioni 170 hivi. Wakaguzi wa bunge la nchi hiyo walikuwa wameshaonya mwaka 2003 kwamba idara haina usanifu wa taasisi wa kuiongoza. “Unaona, mzee?” wataniambia. “Wasingekosa kiunzi wasingepotea.”

Hebu tulipime neno hilo. Sheria ya Marekani iliyowaagiza wakuu wa teknolojia wa idara kuandaa usanifu ilipitishwa mwaka 1996. Kiunzi cha serikali kilikuwapo tangu 1999. Zachman alikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi kitabuni. Viunzi vilijaa rafuni. Kilichokosekana ni uamuzi: waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, nao uliendelea kubadilishwa wakati mafundi wakijenga. Mfumo uliofuata, ulioitwa Sentinel, nao ulisuasua mikononi mwa mkandarasi. Mwaka 2010 idara ikaichukua kazi mikononi mwake, ikatumia kikundi kidogo, ikajenga kipande baada ya kipande na kuwaonyesha wapelelezi wenyewe, na mwaka 2012 mfumo ukaanza kutumika. Sisemi kwamba ramani haikuwa na maana. Nasema kwamba tofauti kati ya kuanguka na kusimama haikuletwa na jina la kiunzi.

Uingereza nayo inatufundisha upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2002 ulianzishwa mpango mkubwa wa kompyuta katika hospitali za umma. Pale hapakukosekana dira wala michoro. Lakini mambo yaliamuliwa juu, na mikataba mikubwa ikatiwa saini kabla madaktari na wauguzi hawajashirikishwa vya kutosha. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja mpango ule, mabilioni ya pauni yakiwa yameshakwenda. Yule alikosa ramani akapotea, na huyu alikuwa nayo akapotea vilevile. Alhasili, wote wawili hawakumsikiliza kwa wakati mtu atakayekitumia chombo.

Nitoe mfano wa nyumbani, usio na kompyuta hata moja. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichopata kukitumikia, mhasibu alikuwa na idadi yake ya wanachuo, mlezi wa mabweni alikuwa na yake, na mtunza stoo alikuwa na yake. Kila mwezi zilipishana, na kila mwezi walishukiana wizi. Kumbe wote walikuwa wakweli. Mhasibu alihesabu waliolipa, mlezi alihesabu vitanda, mtunza stoo alihesabu sahani. Dawa haikuwa daftari jipya. Dawa ilikuwa kikao cha alasiri moja, ambapo tuliulizana: mwanachuo ni nani? Tukakubaliana kwamba ni yule aliyesajiliwa na ambaye hajaondolewa kwa barua. Kuanzia siku hiyo palikuwa na orodha moja, yenye mwenyewe mmoja, na wengine wakanakili kwake. Kama tungepewa kompyuta tatu kabla ya kikao kile, tungepata uongo ule ule, ila umechapwa vizuri.

Ninachokihofia zaidi ni ugonjwa tulioujua sana mashuleni: kujaza makaratasi kwa ajili ya mkaguzi. Niliwahi kuona maazimio ya kazi yameandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, yamepigwa mistari kwa wino mwekundu, na watoto wa darasa hilo hilo hawawezi kugawanya kwa tarakimu mbili. Kwetu Tanzania, tangu ilipopitishwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, taasisi za umma zinatakiwa kufuata viwango na miongozo katika mambo ya TEHAMA. Ni jambo la heri. Lakini kiwango kikikutana na tabia yetu ya kumwandalia mkaguzi, tutapata michoro mizuri kabatini na foleni ile ile dirishani.

Wako watakaosema mzee anapiga vita elimu ya vijana. La hasha. Kijana mwenye cheti cha TOGAF na aende nacho kazini, na alitumie jedwali la Zachman kujikumbusha alichosahau. Ninachodai ni kwamba mambo matatu yatangulie. Mosi, mkuu wa taasisi, si mshauri wake, aandike katika ukurasa mmoja taasisi yake inamfanyia nani kazi gani, kisha atie saini. Pili, karani wa masijala, muuguzi wa zamu na mtunza stoo waulizwe wanavyofanya kazi kabla zabuni haijatangazwa. Tatu, kijengwe kipande kidogo, kitumike miezi michache mbele ya macho ya watumiaji, na kisipofaa kiachwe kabla hakijala bajeti ya mwaka.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Taasisi iliyokwisha kuyafanya hayo matatu itavuna kwa kiunzi chochote itakachokishika. Isiyoyafanya itaendelea kulinganisha majembe kivulini hadi mvua za masika zipite, na atakayelala njaa ni mwananchi aliyelipa kodi.