Mtoto Apate Pa Kusemea: Tamko la Wazazi, Walezi na Walimu wa Kisiwani Mombasa

Sisi wazazi, walezi, walimu wa shule na maalimu wa vyuo vya Qur'ani, wanachama wa chama chetu cha malezi hapa Kisiwani, kuanzia Kibokoni, Kuze na Makadara hadi Bondeni, Majengo na Tudor, tumekutana na kuafikiana kulitoa tamko hili kwa Wizara ya Elimu, Tume ya Huduma za Walimu (TSC), Serikali ya Kaunti ya Mombasa, bodi za shule na wakaazi wenzetu.

Msimamo wetu ni huu: ushauri nasaha shuleni unamfaa mtoto. Lakini hauwezi kumfaa iwapo anayemsikiliza ndiye anayemwadhibu, hana wakati wa kumsikiliza, wala hana mahali pa kumsitiri.

Tunayoyaona

Mtoto wa Mji wa Kale huamka alfajiri akaenda shule. Akirudi huvua sare, akavaa kanzu au buibui, akaenda chuoni. Magharibi ikifika ana kazi za shule zinazomngoja. Siku nzima hupita mbele ya watu wazima wengi, na karibu kila mmoja humuuliza amesoma nini. Wa kumuuliza amelala vipi ni nadra.

Miongoni mwa watoto hao wako waliofiwa, waliobaki kwa bibi baada ya wazazi kuachana, wenye baba au kaka aliyezama kwenye unga wa kulevya, na walioshuhudia vijana wenye mapanga wakivamia mtaa. Wapo pia wanaodhulumiwa na jamaa wa karibu, wasiojua hata jina la kuliita jambo hilo. Mtoto hasemi ana huzuni. Huumwa na tumbo kila Jumatatu, hukojoa kitandani ilhali ni mkubwa, hupigana, au hunyamaza kabisa. Nasi humwita mtundu au mvivu, au humpeleka akasomewe. Kisomo hatukikatai, ni kinga yetu. Tunasema: asomewe, na asikilizwe pia.

Tumelelewa juu ya stara. Mambo ya nyumba hayatolewi barazani, na hilo ni jema. Lakini stara ni kumfunika mtoto, si kulifunika jambo linalomuumiza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mshauri mwenye amana, ndani ya chumba chenye mlango, ndiye stara tunayoitafuta.

Ushahidi uliopo

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti wa Taasisi ya Shamiri, uliofanywa papa hapa Kenya. Wanafunzi 413 wa sekondari, wote wakiwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi, waligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ilifunzwa mbinu za kusoma. Nyingine ilikaa katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne, ikazungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, kushukuru, na kuyashika anayoyathamini. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari wakapewa mafunzo mafupi. Dalili zilipungua zaidi katika sehemu hii ya pili, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Mwaka huo huo, utafiti wa wanafunzi 329 katika shule 18 za London ulionyesha kuwa waliokutana na mshauri aliyesomea kazi hiyo, kwa hadi wiki kumi, walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko waliopata uangalizi wa kawaida wa shule peke yake. Nafuu ilikuwa ya kiasi, na ilikuwa na gharama. Tunalisema hilo waziwazi kwa sababu hatutaki mzazi aahidiwe miujiza. Ushauri hauondoi njaa, haumrudishi marehemu, wala haumwachishi baba unga. Humpunguzia mtoto mzigo hadi aweze kutembea nao, na humfikisha hospitali mapema yule anayehitaji hospitali.

Pengo lililopo

Mwaka 2001 sheria ilikiondoa kiboko shuleni. Mwaka huo huo moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, uliua wanafunzi 67, na kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kikapendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi, kifungu cha 36, ikakataza adhabu ya kumuumiza mwanafunzi mwili au akili. Kiboko kilitolewa kwa maandishi. Kilichopaswa kushika nafasi yake hakikupewa mtu wala chumba.

Katika shule tunazozijua, mwalimu mshauri ana vipindi kamili vya somo lake, ofisi yake ni pembe ya chumba cha walimu, na mara nyengine ndiye huyo huyo wa nidhamu. Hatuwalaumu walimu hawa. Wengi huifanya kazi hii kwa huruma zao, nje ya saa za kazi. Lakini mtoto ana akili. Hatamfungulia moyo asubuhi mtu atakayemwaibisha mbele ya gwaride jioni.

Tunayoyadai

1. TSC impunguzie mwalimu mshauri vipindi, na kazi ya nidhamu apewe mwengine.

2. Kila bodi ya shule itenge chumba cha ushauri. Siri ya mtoto ilindwe, isipokuwa pale usalama wake au wa mwenziwe uko hatarini, na mtoto aelezwe hivyo tangu mwanzo.

3. Serikali kuu na kaunti ziajiri washauri waliosajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Mmoja ahudumie shule kadhaa za jirani, awasimamie walimu washauri, na awe na njia ya moja kwa moja ya kumpeleka mtoto Hospitali Kuu ya Pwani.

4. Vijana wetu waliomaliza sekondari, wanaokaa barazani bila kazi, wafunzwe kuongoza vikundi kwa mfano wa Shamiri, na walipwe.

5. Maalimu wa vyuo waingizwe katika mafunzo haya, kwani mtoto wanaye kila alasiri.

Tunayoyaahidi

Nasi hatutabaki kudai tu. Hatutamkaripia mtoto kwa kusema na mshauri, wala hatutamlazimisha atueleze alilolisema. Tutafunza kila nyumba nambari 116, inayopigwa bila malipo, ya kumsaidia mtoto. Na chuo au nyumba yoyote ya mwanachama wetu itakayotumia fimbo, tutaikabili sisi wenyewe kwanza.

Mtoto akilia kwa sauti, mtaa mzima wa Kuze hutoka milangoni. Tunataka na yule anayelia kimya apate mlango mmoja wa kubisha.

Limetolewa Mombasa, kwa niaba ya wanachama wote.

Mwenyekiti na Katibu