Kabla ya Kuwacheka Wanaijeria, Tukae Chunguni Kirewa

Katika vibanda vya video vya Busia, filamu za Nigeria hazikosi watazamaji, wala hazikosi kicheko. Kijana wa Kiyoruba akijilaza kifudifudi kumwamkia mzee, kibanda kizima kinaangua kicheko. Tajiri akimbandika bibi harusi noti kwenye paji la uso, watu wanapiga mbinja. Kisha linakuja lile neno nililolisikia mara nyingi mno: "Hawa watu wana mambo ya ajabu." Mimi silikubali. Nimezaliwa Kirewa, wilaya ya Tororo, na nauza nafaka pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Mengi ya hayo tunayoyaita ya ajabu yako nyumbani kwetu, ila tumeyazoea.

Chukua majina. Kwa Wayoruba, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Taiwo, anayefuata ni Kehinde, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Idowu. Wazazi hawahangaiki kuchagua. Sasa njoo kwetu sisi Wapadhola wa Tororo. Pacha wa kwanza ni Opio, akiwa msichana Apio. Wa pili ni Odongo au Adongo. Anayewafuata ni Okello au Akello. Jina liko tayari kabla mtoto hajatoka tumboni. Kati ya Kirewa na nchi ya Wayoruba kuna Kongo nzima na Kamerun, lakini pande zote mbili waliona kwamba pacha ni jambo la ukoo mzima, na kwamba mtoto anayekuja nyuma yao naye anastahili heshima yake. Na huko kujilaza chini tunakokucheka, kuna tofauti gani na mama wa Kinyole au wa Kisoga anayepiga magoti kando ya barabara kumsalimu mkwewe? Huyo hatumcheki. Tunapunguza mwendo, tunasubiri amalize.

Kuhusu kumwaga pesa harusini, Wanaijeria wenyewe wanabishana. Sheria ya Benki Kuu yao ya 2007 inakataza kurusha noti za naira na kuzikanyaga, na Aprili 2024 mahakama ya Lagos ilimhukumu Bobrisky, mtu maarufu wa mitandaoni, kifungo cha miezi 6 kwa kosa hilo. Noti ni mali ya nchi, haifai kukanyagwa, na hapo naiunga mkono sheria. Lakini shina la desturi ni jema: ukoo na marafiki wanawapa maharusi cha kuanzia maisha, tena hadharani, kila mtu akiona nani ametoa.

Nasi tunafanya vivyo hivyo msibani. Nenda kwenye mazishi yoyote Kirewa. Utakuta meza ndogo chini ya mwembe, beseni, na kijana mwenye mwandiko mzuri ameshika daftari. Unatoa mabugo yako, yaani mchango wa msiba, jina linaandikwa, kisha linasomwa kwenye kipaza sauti pamoja na kiasi: huyu shilingi 5,000 za Uganda, yule shilingi 200 za Kenya, mama fulani debe la mahindi. Mgeni wa mjini husema tunawaaibisha maskini. Hajui kwamba daftari lile halichomwi. Familia inaliweka, na msiba ukifika kwa aliyetoa debe la mahindi, wanajua wanadaiwa nini. Nimeona mjane akilifungua daftari la miaka ya nyuma kabla ya kufunga safari ya kwenda kuzika, akafuatisha jina kwa kidole, kisha akarudi ghalani kuongeza karanga kwenye kikapu.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni chungu.

Mama alinisomesha kwa kongo, ile pombe ya nafaka ambayo Waiteso huiita ajono na miji ya Uganda huiita malwa. Alikuwa akilowesha unga, anauacha uchachuke siku kadhaa, anaukaanga kwenye bati juu ya moto mpaka uwe wa kahawia, anauanika, ndipo anauchanganya na kimea cha wimbi. Bati lile lilimwachia makovu mikononi. Pombe ikiiva, chungu kinawekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa juu, na watu wanakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni.

Kuna sheria pale. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni apate kuwa na amani. Huruki mrija wa mwenzako. Unapita nyuma ya migongo. Huchukui mrija wa mtu bila yeye kukupa. Mkwe na mkwewe hawapangwi mahali popote tu. Na mliogombana hamkai chungu kimoja hadi mmesikilizwa. Baba zangu wadogo wawili waligombea mpaka wa shamba hata watoto wao wakaacha kusalimiana. Wazee waliwasikiliza kutwa nzima, ng'ombe wakarudi zizini wao bado wanazungumza. Mwishowe mzee aliyekuwa msuluhishi alichukua mrija wake mwenyewe, akampa mdogo, akamwambia anywe, kisha ampe kaka yake. Yule mdogo aliushika kitambo bila kuutia mdomoni. Alipokunywa na kuupeleka ng'ambo ya chungu, kesi ilikwisha. Mpaka uko pale pale hadi leo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ivan Karp, alikaa na Waiteso wa upande wa Kenya, na mwaka 1980 akachapisha makala nzima kuhusu unywaji wao wa pombe, kwa kuwa aliona humo namna watu wanavyojenga ujirani. Mtu ametoka mbali akaliona jambo hilo, na watoto wetu wanawarekodi wazee chunguni kwa simu, wanazituma video hizo huku na huku ili watu wacheke. Nyani haoni kundule.

Sisemi pombe haina madhara. Nimeyaona, na wanawake ndio tunaoyabeba. Ila madhara hayafanani. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2017, na Uganda ikafuata na waragi wa pakiti mwaka 2019, kwa sababu kijana alikuwa anaweza kununua ulevi wa sarafu chache na kuumaliza peke yake nyuma ya duka. Chunguni huwezi kujificha. Aliyezidisha anaambiwa aweke mrija chini, na anaambiwa na mtu anayemheshimu. Uganda ilipofunga baa na vilabu vya pombe kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, vyungu navyo vilinyamaza. Ilibidi, ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini katika kijiji chetu baadhi ya waliokuwa wakikaa pamoja walizoea chupa ya mfukoni, na hawakurudi. Chungu walichokiacha kilikuwa pia baraza lao, na hakuna baraza jingine walilopewa.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Tororo, na wawakilishi wadi wa Kaunti ya Busia: mnapopanga saa na leseni za pombe, msiweke chungu cha wimbi na chupa ya waragi katika fungu moja. Wasikilizeni kina mama wanaopika na wazee wanaokaa kabla hamjaandika. Nanyi vijana wenye simu, ombeni ruhusa kwanza, kaeni chini, mwulize nani ameketi karibu na nani na kwa nini. Jibu la swali hilo ndilo linalofaa kurekodiwa.