Msuli Si Mpira wa Manati

Jioni, kwenye viwanja vya vumbi vya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako Kiswahili cha Wakongo husikika kila upande, huonekana jambo lilelile la viwanja vya Mbarara mjini: kijana ameketi, miguu mbele, na mwenzake amemlalia mgongoni akimkandamiza. Asipoguna kwa maumivu, eti hajanyooshwa.

Imani yenyewe ni kwamba msuli uliokaza ni msuli mfupi, nao hurefushwa kwa kuvutwa kwa nguvu, kama mpira wa manati.

Haina mashiko. Mgonjwa akishapigwa dawa ya usingizi kwenye chumba cha upasuaji, mguu uliokuwa ukigoma huinuka zaidi kuliko alipokuwa macho. Msuli ni uleule. Aliyelala ni mlinzi.

Mlinzi huyo ni mfumo wa fahamu. Msuli ukivutwa ghafla, vihisio vilivyomo ndani yake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri hurudi papo hapo: kaza! Liddell na Sherrington waliieleza kazi hiyo mwaka 1924. Kumrukia mtu mgongoni, basi, ni kumwamsha mlinzi unayetaka akupishe.

Kocha atauliza: mbona waliokandamizwa leo wanapiga msamba? Kweli, wanapiga. Lakini kilichowafikisha ni marudio, si maumivu. Mwaka 2010, Weppler na Magnusson walipitia tafiti na kuonyesha kwamba katika wiki za mwanzo za kunyoosha viungo, kinachoongezeka hasa ni uvumilivu wa kuvutwa, si urefu wa msuli. Waliochanika paja njiani hawatajwi na kocha.

Njia ya upole ipo tangu miaka ya 1940, ilipoanzishwa na daktari Herman Kabat huko Marekani kwa ajili ya waliopooza. Lala chali, mwenzako akuinue mguu. Sukuma kisigino dhidi ya mkono wake kwa sekunde sita hivi, legeza, pumua, kisha ausogeze taratibu, aishie pale msuli unapovutika bila kuuma. Gharama yake ni mkeka tu. Na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha fiziotherapia. Maarifa hayo yangefaa yafike Nakivale pia.

Kabla ya mechi, hata upole huo usizidi: kushikilia msuli mmoja zaidi ya dakika nzima hupunguza nguvu zake kwa muda. Wachezaji wakimbie polepole, warushe miguu, wapashe misuli moto. Na yule wa mgongoni ashuke.